Kinywaji cha Wageni: Embe, Ukwaju na Maji Yaliyochemshwa

Msimu wa maembe umeanza Tabora, na barua za wasomaji wetu mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja, nalo ni namna ya kutengeneza nyumbani juisi ya matunda inayofaa kuwekwa mbele ya wageni siku ya shughuli. Tumechagua barua nne. Ya kwanza imejibiwa kwa kirefu kwa sababu imebeba maswali ambayo wasomaji wengine pia waliyauliza.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni msomaji wa Kiloleni, Tabora mjini. Katikati ya Desemba tutapokea wageni wa posa ya mdogo wangu wa kike, watu wapatao 40, baadhi yao wakitokea Nzega na Urambo. Wazee wameona tusinunue soda, tutengeneze juisi wenyewe, kwa kuwa mwembe wetu wa uani umezaa sana mwaka huu. Nina hofu mbili. Katika shughuli moja ya hapa mtaani juisi ilitengenezwa tangu jana yake, na kabla wageni hawajaketi ilikuwa imeshatoa povu na harufu ya pombe. Tena umeme wa huku kwetu hukatika bila taarifa. Naomba unielekeze kiasi cha kutengeneza, matunda ya kuchanganya na namna ya kuitunza mpaka wageni wanywe.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa hatua hiyo njema. Wazee wamewaza vizuri, kwani hakuna mahali ambapo mgeni wa Desemba angetazamia kunywa embe kuliko Tabora, mji ambao miembe yake mingi ya zamani ilipandwa enzi za misafara iliyokuwa ikipita hapa kwenda Ujiji na kurudi pwani.

Tuanze na kiasi, maana wengi hukisia na kuishia ama kupungukiwa ama kumwaga. Glasi ya kawaida ya nyumbani huchukua mililita 250. Ukimhesabia kila mgeni glasi mbili, watu 40 watahitaji lita 20, yaani ndoo moja kubwa. Usiitengeneze yote kwa namna moja. Tengeneza lita 10 za juisi ya embe na lita 10 za ukwaju na tangawizi, ili asiyependa uzito wa embe apate kinywaji chepesi, na ili jambo likiharibika upande mmoja upande wa pili ubaki. Mimi sikushauri uchanganye matunda sita au saba katika chombo kimoja kama wengi wanavyofanya kwa kudhani kwamba wingi ndio sherehe. Papai hufunika ladha ya nanasi, ndizi hufanya juisi iwe nzito na kubadilika rangi, tikiti huongeza maji tu, na mwisho mgeni hajui amekunywa nini.

Kwa lita 10 za juisi ya embe utahitaji takriban kilo 5 za maembe mazima, ambayo ukishayamenya na kuondoa kokwa yatakupa karibu kilo 3 za nyama. Yachague kwa pua zaidi kuliko kwa rangi: embe lililoiva vizuri hunukia kwenye kikonyo na huitika kidogo likibonyezwa, ilhali lenye harufu ya uchachu limeshapita kiasi hata kama ngozi yake inapendeza. Embe la kienyeji lina ladha kali na tamu, lakini lina nyuzi nyingi, kwa hiyo ni lazima lichujwe. Kama mwembe wenu ni wa namna hiyo, nunua dodo au bolibo kadhaa sokoni uzichanganye nalo, nazo zitaifanya juisi iwe laini bila kuondoa ladha ya nyumbani. Tia pia maembe mawili au matatu yaliyokomaa ambayo bado yana uchachu. Juisi ya embe tamu tupu huchosha ulimi baada ya nusu glasi, na uchachu huo ndio unaomfanya mgeni aombe glasi ya pili.

Osha maembe kabla ya kuyamenya. Kisu kinachopita kwenye ganda chafu hupeleka uchafu huo moja kwa moja kwenye nyama ya tunda, na utomvu unaotoka karibu na kikonyo huwasha ngozi za watu wengine na kuacha ukakasi mdomoni. Kibao cha kukatia kisiwe kile kilichokatiwa nyama au kuku siku hiyo, na siku ya shughuli, jiko likiwa limejaa watu, jambo hilo husahaulika kwa urahisi sana. Kabla ya kutumia blenda, fungua sehemu ya chini inayoshika visu, uitoe ile raba ya duara na kuitazama. Mara nyingi utakuta ukingo wake umeshika utando mweusi unaoteleza, mabaki ya juisi za nyuma ambayo kuosha jagi kwa juu hakuyafikii. Isugue kwa sabuni na maji ya moto, uianike ikauke, ndipo uirudishe. Kitambaa cha kuchujia nacho kichemshwe, kisiishie kusuuzwa tu.

Sasa maji, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika jibu hili. Juisi ya wageni hunywewa ikiwa mbichi, haipiti tena motoni, kwa hiyo usalama wake wote unategemea maji uliyotia. Hata kama nyumbani kwenu mmeunganishiwa maji ya Ziwa Victoria ambayo sasa yanafika mjini Tabora, yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja au zaidi, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa katika chombo kilekile, na uyachote kwa kata safi yenye mpini badala ya kutumbukiza kikombe. Chemsha lita 18 usiku wa kuamkia siku hiyo ili asubuhi uyakute yamepoa. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita katika maji na barafu, na shughuli moja inaweza kuwagusa watu wa wilaya tatu kwa siku moja.

Barafu ndiyo mlango ambao watu husahau kuufunga. Mwenye nyumba huchemsha maji kwa bidii, kisha dakika ya mwisho hutumbukiza katika ndoo mabonge ya barafu yaliyonunuliwa dukani au kwa wauza samaki, ambayo hakuna ajuaye yalitokana na maji gani. Barafu ya kununua itumie kwa nje tu: iweke kwenye beseni au kwenye deli na usimamishe ndani yake madumu na majagi ya juisi yaliyofungwa. Ile itakayoingia kwenye glasi igandishe mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa. Bora zaidi, gandisha sehemu ya juisi yenyewe katika vikombe vidogo, kwani ikiyeyuka haitaifanya iliyomo ndani ya glasi iwe maji maji.

Juu ya sukari, usiimimine kavu ndani ya juisi baridi, kwa sababu haiyeyuki vizuri na hutuama chini, glasi ya kwanza ikawa chachu na ya mwisho ikawa kama asali. Pika shira: kilo moja ya sukari kwa lita moja ya maji, koroga motoni mpaka sukari yote iyeyuke, ondoa, tia vipande vichache vya tangawizi iliyopondwa au punje tano za iliki, acha ipoe, kisha chuja. Shira hiyo huongezwa kidogo kidogo huku ukionja. Onja juisi ikiwa tayari imepoa, kwa sababu ubaridi hupunguza utamu tunaousikia ulimini, na aliyeionja ikiwa vuguvugu hushangaa baadaye kuikuta imepooza. Kwa lita 10 za embe lililoiva, nusu kilo ya sukari inatosha.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Saga nyama ya maembe na maji machache kwa muda mfupi tu, kwani kusaga sana huingiza hewa na kuinua povu. Chuja, ongeza maji mpaka ujazo ufikie lita 10, tia shira, halafu malizia na maji ya ndimu tatu au nne. Umeme ukikatika usihangaike. Embe lililoiva hupondwa kwa mkono safi au kwa mwiko ndani ya bakuli pana, kisha likasukumwa kwenye chujio lenye matundu makubwa, na juisi yake huwa na uzito mzuri ambao wengine huupenda kuliko ule wa blenda.

Ukwaju hauhitaji umeme kabisa. Chukua kilo moja ya ukwaju uliobanduliwa maganda, mimina lita 3 za maji ya moto, funika kwa saa moja, kisha ufikiche kwa mikono iliyooshwa vizuri mpaka nyama iachane na mbegu. Chuja mara mbili. Ponda robo kilo ya tangawizi, itie maji, ikamue na uache maji yake yatulie katika bakuli kwa nusu saa; utaona unga mweupe umetuama chini. Mimina yale ya juu na uuache unga huo, vinginevyo kinywaji kitakuwa na vumbi la tangawizi linalokwaruza koo. Changanya vyote viwili, ongeza maji yaliyochemshwa ufikie lita 10, kisha shira. Tahadhari moja: usilaze ukwaju, ndimu au juisi yoyote chachu katika sufuria za alumini. Asidi hula chuma hicho, na kinywaji huchukua ladha ya madini na rangi ya kijivu. Tumia ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya vyakula, kioo, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu.

Hofu yako ya povu ina msingi. Hamira za asili zinaishi juu ya maganda ya matunda na hewani, na zikikuta sukari, maji na joto huanza kuila sukari hiyo na kuigeuza pombe na gesi. Katika nyumba ambayo wageni wake wengi ni Waislamu jambo hilo ni zito kuliko kuharibika kwa ladha. Ukiona vipovu vinavyopanda vyenyewe kutoka chini, ukisikia mfuniko wa dumu ukipumua unapoufungua, au harufu ya togwa iliyochacha, mwaga. Usijaribu kuiokoa kwa kuongeza sukari, kwani utakuwa umeilisha hamira.

Kwa hiyo gawa kazi. Siku moja kabla, pika shira, chemsha maji, andaa ukwaju mzito ambao haujaongezwa maji na uuweke kwenye friji. Nyama ya embe unaweza kuisaga siku hiyohiyo na kuigandisha. Kuchanganya kwa mwisho kufanyike asubuhi ya shughuli, na vyombo viingie kwenye deli lenye barafu mara moja. Tandaza juu yake gunia au blanketi lililoloweshwa na uliweke kivulini. Umeme ukikatika saa nne asubuhi, deli lililojaa barafu na lisilofunguliwa ovyo litaitunza juisi mpaka mchana. Juisi isikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, na joto likivuka nyuzi 32, isizidi saa moja. Toa jagi mbili mbili mezani, nyingine zibaki ndani.

Urembo usikuchukulie muda mwingi. Vipande vidogo vya embe gumu kiasi katika kila glasi, jani la mnanaa na kipande chembamba cha limau vinatosha. Rangi za unga zinazouzwa katika vipakti usiziguse. Embe lina rangi yake, na mgeni anayetoka Urambo anaijua.

SWALI: Shikamoo mama mhariri. Naandika kutoka Ipuli. Nilisaga nanasi pamoja na maziwa ili niwape wageni kitu cha tofauti, na baada ya muda mfupi ikawa chungu na kukatika. Maziwa yalikuwa mazima. Tatizo ni nini?

JIBU: Marahaba. Maziwa yako hayakuwa na kosa. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho huvunjavunja protini, na protini ya maziwa ikivunjwa hutoa vitu vyenye uchungu. Papai nalo lina kimeng'enya cha kazi hiyohiyo. Zaidi ya hapo, uchachu wa nanasi peke yake unatosha kuyakata maziwa. Moto huua kimeng'enya hicho, kwa hiyo ukitaka kuendelea na nanasi, lichemshe kwa dakika chache pamoja na sukari, liache lipoe kabisa, kisha lisage na maziwa baridi muda mfupi kabla ya kunywa. Lakini kwa Tabora ya Desemba kuna njia iliyo bora: saga embe na maziwa mgando baridi yaliyotokana na maziwa yaliyochemshwa, tia iliki kidogo na chembe ya chumvi. Maziwa hayo tayari ni machachu, hivyo hayana tena cha kukatika, na kinywaji hicho hushibisha kiasi kwamba glasi ndogo inamtosha mtu.

SWALI: Assalaam aleikum. Sisi wa Ng'ambo tunajiuliza kuhusu futari na Idd, kwa sababu miaka hii haziangukii tena wakati wa maembe. Tuwape nini wageni, na je, tunaweza kutumia asali ya Sikonge badala ya sukari?

JIBU: Waaleikum salaam. Ni kweli kwamba Idd hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka kulingana na kalenda ya kawaida, kwa hiyo anayezoea tunda moja ataachwa na msimu. Vitu vikavu ndivyo msaada wenu. Ukwaju hukaa miezi mingi ukitunzwa mahali pakavu. Rosela kavu, wengine huiita choya, hulowekwa katika maji ya moto pamoja na mdalasini na hutoa rangi nyekundu ambayo hakuna unga wa dukani unaoweza kuifikia. Ubuyu mweupe, sio ule uliopikwa na rangi na sukari kwa ajili ya watoto, hulowekwa katika maji ya uvuguvugu, ukakorogwa mpaka unga uachane na mbegu, kisha ukachujwa. Usiuchemshe, kwa kuwa ubuyu una vitamini C nyingi na moto huiharibu. Na sasa hivi, maembe yakiwa mengi, sageni nyama yake na kuigandisha katika vyombo vidogo vilivyofungwa. Ikibaki imeganda muda wote, itawafikisha mwezi wa Ramadhani.

Kuhusu asali, ninaipenda sana na ninafurahi kwamba mmeiuliza, kwa sababu misitu ya miombo ya mkoa wetu inatoa asali yenye harufu ya maua yake, na ni ajabu kumwona mtu wa Tabora akiwapa wageni unga wa juisi wa vipakti ilhali asali iko kabatini. Ukiipima kwa kikombe kilekile, ina utamu kuliko sukari, hivyo anzeni na robo tatu ya kiasi mlichozoea. Iyeyusheni katika maji ya uvuguvugu kabla ya kuichanganya. Asali nyeusi yenye ladha kali huelewana na ukwaju na tangawizi, lakini hulifunika embe. Kwa embe tafuteni ile nyepesi. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kinywaji chenye asali hata kidogo, maana inaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta ugonjwa hatari wa kulegea misuli ambao utumbo wake mchanga haujaweza kuuzuia.

SWALI: Mama, shikamoo. Baba mkwe wangu ana kisukari na atakuwa mgeni wetu siku ya Krismasi hapa Cheyo. Mume wangu anasema juisi halisi isiyotiwa sukari haina madhara kwake. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mkwe mwema. Mumeo ana nia nzuri, ila sivyo. Tunda likishasagwa na kuchujwa, sukari yake huingia mwilini haraka kuliko likitafunwa, na Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari iliyomo katika juisi na asali pamoja na ile ya dukani. Shirika hilo, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari za namna hiyo zisizidi asilimia 10 ya nguvu mtu anayoipata kutokana na chakula kwa siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa wastani, na ikiwezekana nusu ya hapo. Linganisha na juisi ya embe niliyoielekeza juu: nusu kilo ya sukari katika lita 10 ni gramu 12.5 kwa kila glasi, na embe lenyewe huongeza karibu gramu nyingine 10. Glasi mbili tu zinakaribia kumaliza kiasi chote cha siku, na huyo ni mtu asiye na kisukari.

Muulizeni kwanza daktari wake amemruhusu nini, na kama anatumia dawa za shinikizo la damu, msimpe balungi wala rosela bila kuuliza, kwani balungi huingiliana na baadhi ya dawa na rosela inaweza kushusha shinikizo. Kwake tengeneza maji ya tangawizi na limau yasiyotiwa sukari wala asali, yenye mnanaa mwingi na kijiti cha mdalasini kilicholowekwa usiku kucha, na sahani ndogo yenye vipande vichache vya embe la kutafuna ikiwa daktari ameridhia. Mwekee katika glasi ileile wanayotumia wageni wengine, umpelekee mwenyewe wa kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa, na asiwepo mtu wa kutangaza mezani kwamba kinywaji cha baba ni cha mgonjwa.